Dada Mkubwa na Meza ya Jumanne

Wazazi wetu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyie watoto mliopewa nafasi hapa mbele pamoja na viti vyenu vya magurudumu, magongo yenu na kelele zenu, ambazo naomba mtu asijaribu kuzinyamazisha kwa sababu mwenye safari ya leo asingekubali, familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, ambaye jina lake lote mnalo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, lakini nyumbani tulimwita Dada Mkubwa, na huko nje karibu nyote mlimwita Bi Meza. Historia hii ameiandika mdogo wetu wa kike, ambaye ni mwalimu, kwa mwandiko mzuri na tarehe zote mahali pake, na amenionya nisome kilichoandikwa tu, nisitie chumvi, ila anajua mimi ni muuza vipuri vya baiskeli, nimezoea kupiga soga na wateja, kwa hiyo mkimwona pale mbele anakunja uso, mjue nimetoka nje ya karatasi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya tangi la maji, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa fundi wa mabehewa, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji wa nguo, na wote wawili wameshatangulia. Baada yake nilizaliwa mimi, kisha huyu mwalimu, na kitinda mimba wetu ni ndugu yetu mnayemfahamu kwa jina la Kapteni, aliyezaliwa mwaka 1968 akiwa na mtindio wa ubongo, ambaye yupo hapa kwenye kiti chake, na jina hilo alilipata kwa sababu tangu utotoni alikaa dirishani akituamrisha sisi wote, nani akachote maji, nani amechelewa kurudi, nani amevaa shati la nani, na hata leo asubuhi, pamoja na msiba huu wote, ameniamrisha nikachane nywele.

Dada Mkubwa alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1968 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1974, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya wasichana, akahitimu kidato cha nne mwaka 1978, na karatasi inasema alifaulu vizuri, jambo ambalo ni kweli tupu, maana mimi niliyemfuata nililinganishwa naye mpaka nikaichukia shule. Lakini familia inapenda mjue kwamba shule yake nyingine, ile iliyomfanya awe huyu mliyekuja kumzika, ilikuwa ni kumsindikiza mama wakati wa likizo, mama akiwa amembeba Kapteni mgongoni na yeye amebeba mkoba, wakizunguka ofisi hadi ofisi kumtafutia mtoto nafasi ya kusoma.

Mambo yalikuwa hivi, mwalimu mkuu alisema hawezi kumpokea mtoto bila cheti cha daktari kinachoonyesha kwamba anaweza kukaa darasani, hospitali ikasema cheti hakiwezi kutolewa mpaka mtoto aonekane amekaa kwenye kiti chake maalumu, na viti vinatoka ustawi wa jamii, na ustawi wa jamii wakasema viti wanapewa watoto walioandikishwa shule. Mama yetu akapigwa danadana miaka na miaka, na popote alipofika neno lilikuwa lile lile, mwenyewe hayupo, mwenyewe ametoka, mwenyewe yuko kikaoni, njoo kesho mwenyewe akiwepo, na sisi sote tunalijua neno hilo, hata mimi akija mteja msumbufu nimewahi kutoa maagizo aambiwe mwenyewe hayupo huku nimechuchumaa nyuma ya kaunta nikibana kicheko, ila ukiwa mama, jua linakuchoma, mtoto mzito mgongoni, hapo neno hilo halichekeshi hata kidogo.

Kapteni, ambaye maneno humtoka kwa shida lakini hayajawahi kuwa machache, alikuwa anaamini kabisa kwamba Mwenyewe ni jina la mtu, bwana mkubwa mmoja mwenye ofisi kila mahali ila hakai hata moja, na siku moja wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali alimwambia mama, huyu bwana Mwenyewe ofisini hapatikani, basi tumfuate nyumbani kwake. Mama alicheka mpaka akalia, na Dada Mkubwa, aliyekuwa binti wa shule tu wakati huo, alituambia baadaye kwamba alipoona kile kicheko kimegeuka machozi, ndipo alipoamua kazi atakayoifanya maishani.

Mwaka 1979, akiwa nyumbani anasubiri kuitwa chuoni, alifanya jambo ambalo familia nzima tulilishangaa kwa wepesi wake, kwani aligundua kwamba hospitali na shule zinatazamana, katikati kuna barabara tu, akamwendea muuguzi mmoja mama mtu mzima na kumwomba avuke naye, wakavuka, wakamkuta mwalimu mkuu langoni, na wale wawili, ambao walikuwa wanaandikiana barua kupitia mgongo wa mama yetu, wakaongea wamesimama, wakakubaliana, na kabla chai ya mwalimu haijapoa Kapteni alikuwa ameandikishwa shule, akiwa na miaka kumi na moja. Mama aliporudi nyumbani hakufurahi kama tulivyotarajia, alikaa kitandani akauliza, kumbe ilikuwa kuvuka barabara tu?

Marehemu alijiunga na chuo cha ustawi wa jamii mwaka 1980, akahitimu mwaka 1982, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii katika mji huu, akipewa chumba chenye dirisha lisilofunguka na kabati lisilofungika, kazi ambayo aliifanya mpaka alipostaafu mwezi Agosti 2021.

Katika kazi hiyo ndipo alipokutana na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye siku ya kwanza kuonana gari lilimzimikia mlimani na mgonjwa ndani, na Dada Mkubwa akashuka, akavua viatu, akalisukuma pamoja na wapita njia huku akimpa shemeji vidonge vyake kuhusu matunzo ya betri, na shemeji anasema alipoliwasha gari hakujua kama anapeleka mgonjwa mmoja hospitali au wawili, akijihesabu na yeye. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ni mfamasia na kijana ambaye ni fundi umeme, na nyumba yao haikuwahi kuwa na watu wa nyumba hiyo peke yao, kwani ukifika kula utamkuta mama fulani na mtoto wake kwenye kochi, kiti cha magurudumu kinatengenezwa uani, na Kapteni, aliyehamia kwao baada ya wazazi kufariki, anatoa amri dirishani kama kawaida yake.

Sasa nifike kwenye hiyo meza, maana najua wengine mmekuja kuisikia. Mwanzoni mwa mwaka 1994 marehemu alimtembelea mama mmoja mwenye mtoto wa kiume asiyeweza kusimama, akamkuta mama yule amekaa chini analia bila kufichaficha, na alipouliza akaambiwa kwamba wiki hiyo hiyo wamepita wataalamu watatu, mtaalamu wa viungo akaagiza mtoto asimamishwe kila asubuhi, mwalimu akaagiza mtoto awe darasani kila asubuhi, na daktari akaandika dawa ya asubuhi inayomlaza mtoto mpaka mchana, na kila mmoja alipoondoka alimwambia mama ajitahidi. Wote watatu walikuwa watu wazuri, wachapakazi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba wenzake wamefika pale, na Dada Mkubwa alikuwa akisema kwamba hilo ndilo lililomtisha, kwamba nyumba inaweza kuelemewa na wema.

Akaanza kuwasaka mmoja mmoja, akitaka wakae pamoja na familia mara moja kwa wiki, na hapo ndipo vita vikaanza, kwa sababu hospitali walisema kikao kifanyike hospitali chini ya daktari mkuu, shule wakasema kifanyike shuleni chini ya mwalimu mkuu, na wakubwa zake wa ustawi wakasema kisifanyike kabisa mpaka waraka utoke juu, ndipo mama mmoja, mkuu wa kufulia mashuka pale hospitali, ambaye naye ameshatangulia, akamwambia, wewe Bi, njoo hapa kwangu, hapa hakuna bosi anayetaka kuja. Basi Jumanne ya tarehe 7 Juni 1994, katika chumba cha kufulia, kwenye meza ndefu ya kupigia pasi yenye alama ya pasi iliyosahaulika, kukiwa na mvuke na harufu ya sabuni, daktari, mwalimu, mtaalamu wa viungo na afisa ustawi walikaa kwa mara ya kwanza na yule mama na mtoto wake, na walipoinuka, dawa ilikuwa imehamia jioni, mazoezi yamehamia shuleni, na yule mama alikuwa na jambo moja tu la kufanya badala ya matatu yanayogombana.

Sheria za meza ile mnazijua, ila nizitaje kwa ajili ya wageni, mzazi anaeleza habari za mtoto wake mara moja tu na wote wanasikia, hakuna ruhusa ya kusema hilo si la idara yangu, hakuna anayeinuka mpaka familia iambiwe nani atafanya nini na lini, na kabla ya yote mtoto anasalimiwa kwanza, kwa jina lake, hata kama hasemi. Daktari wetu aliyeko hapa, ambaye naomba asinikasirikie, siku yake ya kwanza pale mezani, akiwa kijana ametoka chuoni na koti lake limenyooshwa vizuri, alimpita mtoto akaenda moja kwa moja kwenye majalada, na Dada Mkubwa akamwomba kwa adabu zote atoke nje, abishe hodi, aingie upya, na daktari wa watu akatoka, akabisha, akaingia, akamsalimia mtoto, mtoto akamshika tai akaing'ang'ania, na kikao kizima kikaendeshwa daktari ameinama. Anacheka, mnaona, basi hajanikasirikia.

Meza ile ikakua, hospitali nyingine mbili zikaja kujifunza na kwenda kuanzisha za kwao, na watoto waliopitia pale wengine leo ni watu wazima wamekaa hapa na familia zao. Kapteni naye alipata kibanda cha magazeti na vocha langoni mwa hospitali, na kazi yake isiyo na mshahara ikawa kuwaelekeza kina mama waliopotea, Jumanne, chumba cha kufulia, fuata harufu ya sabuni.

Lakini dada yetu alifanya kosa, na mdogo wetu mwalimu hakuliandika humu, ila marehemu mwenyewe alitaka lisemwe siku ya leo, alituagiza wote, kwa hiyo nalisema. Kosa lilikuwa la mtu mwenye moyo, kwani kila jambo lilipita kwake, daktari akibadilisha dawa anampigia Bi Meza ili yeye amwambie mwalimu, mwalimu akiona jambo darasani anamwekea Bi Meza ili yeye amwambie daktari, kiti kikivunjika ni Bi Meza, basi la shule lisipokuja ni Bi Meza, na yeye alishika yote kichwani, hakusahau tarehe wala jina la mtoto, na sisi tulijisifia naye, tukisema dada yetu ana kichwa, dada yetu hachoki. Hata baada ya kustaafu aliendelea kwenda kila Jumanne kwa kujitolea, na aliyekuja kushika nafasi yake ofisini, binti mzuri tu, alikaa pembeni akiandika, kwa sababu hakukuwa na la kufanya.

Mwezi Novemba 2021 madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimechoka, na kuanzia Januari 2022 akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na zamu pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ya Jumanne na Ijumaa. Alidhani meza itaendelea, akaenda akalala kwenye mashine yake, simu ndani ya mkoba, mkoba chini ya kitanda.

Kuna mama mmoja mpaka rangi za nyumba, ambaye mtaani wanamwita Mama Rangi, na ana binti mwenye kifafa na mguu mmoja dhaifu, ambaye kwa sababu ya alama yake shavuni anaitwa Kidoti. Jumanne moja ya mwezi Machi 2022 Mama Rangi alifika mezani na Kidoti, akawakuta daktari na mwalimu wa binti yake wamekaa ubavu kwa ubavu, na daktari alikuwa ameamua kubadilisha dawa ya Kidoti, dawa mpya inayohitaji kidonge cha mchana shuleni, na mwalimu alikuwa ameanza kuona Kidoti anaganda ghafla na kukodoa macho darasani, na wote wawili, kwa mazoea ya miaka yote, walikuwa wanamsubiri Bi Meza, labda atoke kwenye mashine apite hapo, wampe habari hizo. Wakanywa chai, wakatazama mlango, wakamwambia Mama Rangi arudi Jumanne ijayo mwenyewe akiwepo, na wakaachana. Haikufika Jumanne hiyo, Kidoti alipatwa na degedege kwenye ngazi za shule, akaanguka, akavunjika mtulinga na kupasuka kipaji cha uso.

Mama Rangi alikuja nyumbani kwa dada, na mimi nilikuwepo, hakuja kugomba, alikuja na rangi ya samawati imemgandia kwenye kucha, akakaa, akaeleza mtoto amelazwa wodi gani, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila lawama, niliambiwa mwenyewe hayupo. Alipoondoka, Dada Mkubwa alianza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi, nikajua analia, halafu akaniambia, mdogo wangu, yule bwana Mwenyewe tuliyemtafuta na mama utoto wetu wote, kumbe ni mimi.

Toka siku hiyo alibadilika, na wengi wenu hapa mliumia, naomba leo mumwelewe. Alimkabidhi Kapteni simu yake, akamwagiza kwamba yeyote atakayepiga kuhusu mtoto, awe daktari, awe mzazi, aelekezwe mezani siku ya Jumanne na apewe namba ya mtu anayemhitaji, basi, hakuna kingine, na mezani akaacha kwenda kabisa, hata ile Jumanne mashine ilipoharibika na akawa hana pa kwenda. Mkasema Bi Meza ameringa, mkasema ugonjwa umempa moyo wa jiwe, wengine mkapitia kwangu dukani kunilalamikia, na mimi nikakubaliana nanyi.

Siku Mama Rangi alipokuja tena, safari hii akiwa amefura, kwa sababu mwaka mpya wa masomo darasa la Kidoti lilihamishiwa ghorofani na hakuna aliyemsikiliza, alibisha geti, akaita, Bi Meza, Bi Meza, na Kapteni akiwa dirishani akamwambia aende Jumanne akawaambie wote kwa pamoja. Dada yetu alikuwa nyuma ya pazia, nilimwona kwa macho yangu, amejiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanapita kwenye vidole, na Mama Rangi alipoondoka akisonya nilimgeukia dada nikamwambia maneno makali, kwamba huo si ubinadamu, kwamba unamfungia mlango mtu ambaye mtoto wake nusura afe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikaza, akanijibu, nikimfungulia leo, siku nikifa atabisha kwa nani?

Sikushawishika, na kusema kweli hata yeye hakuwa na uhakika, kwa sababu habari zilizotufikia zilikuwa nusu nusu, Jumanne hii wamekaa, Jumanne ile daktari amekuja mwalimu hakuja, Jumanne nyingine wamekunywa chai wakaondoka, na mara tukasikia chumba cha kufulia kinatakiwa kiwe stoo ya magodoro. Kila habari ikifika alikuwa anaomba simu, anaishika, anaitazama, kisha anairudisha kwa Kapteni, na katika ugonjwa wote ule, sindano, kutapika, miguu kuvimba, shemeji anasema hakuna kilichomtesa kama kuirudisha ile simu. Aliogopa kwamba kazi yake yote itazikwa naye, na aliogopa zaidi kwamba watoto wengine wataanguka ngazi wakati yeye anajifunza kukaa kimya.

Mwezi Septemba 2023 hali yake ilibadilika, moyo ukaanza kushindwa, akalazwa, na Jumatatu ya tarehe 16 Oktoba 2023, jioni, wakati wa kubadilishana zamu za wauguzi, mume wake akiwa ameushika mkono wake, dada yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na nyie wote.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, waliomvumilia akiwapangia kazi zao akiwa amelala na mirija mkononi, kwa wauguzi wa wodi waliomwogesha na kumsuka nywele siku yake ya mwisho, na kwa majirani zetu, ambao kuanzia ile jioni ya Jumatatu walileta viti, masufuria na mikono yao bila kuitwa, na jirani wa ng'ambo aliyezima redio yake mpaka leo, ambaye tunamruhusu sasa aiwashe.

Inabaki shukrani kwa wafanyakazi wenzake, na hapa mwalimu wetu atanisamehe, kwa sababu Jumanne asubuhi nilimwambia aifute. Nyumba ilikuwa imejaa, wamefika watu wa reli, wamefika wateja wangu, wamefika hata watu waliomjua kwa kusikia, lakini kutoka hospitali, shuleni na ustawi hakuonekana mtu, asubuhi ikapita, saa sita ikapita, na mimi nilikuwa natokota, nikawaambia waliokaa nami kwamba huyu mwanamke aliwapa maisha yake na wao hawakuweza kumpa hata asubuhi moja. Waliingia mchana, wote kwa pamoja, ndani ya gari la wagonjwa, macho mekundu, nguo zinanukia sabuni, na niliwapa mkono nikitazama pembeni.

Aliyenivuta kando ni Mama Rangi, aliyekuja nao. Aliniambia kwamba aliposikia msiba alikwenda kwenye chumba cha kufulia ili alie tu, akitegemea kukuta kufuli, lakini akakuta mlango wazi na wote wamekaa, daktari, mwalimu, mtaalamu wa viungo, yule binti wa ustawi, na hakuna aliyewaita. Na kabla hawajaamua kama wainuke waje huku, akaingia mama mmoja mgeni, mdogo kwa umri, ana mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza, amevuja jasho, akasema nimeambiwa nije hapa nimuulize Bi Meza. Mama Rangi anasema alijua jibu la swali hilo, sote tunalijua. Yule binti wa ustawi akavuta kiti, akasema, karibu mama, kaa, tupo. Daktari akainuka, akazunguka meza, akauliza mtoto anaitwa nani, akamsalimia kwa jina lake. Mama yule alieleza mara moja, wakapanga, wakagawana kazi mbele yake, nani amtembelee, lini, dawa ipi, namba ya nani, na wakati wote huo, Mama Rangi anasema, walikuwa wanajifuta macho wakisingizia mvuke wa pasi, na mama yule alipotoka nje ndipo walipoangua kilio. Yule mama aliondoka bila kujua kwamba Bi Meza amefariki.

Nikamuuliza Mama Rangi, na Kidoti je, akanishangaa, akasema Kidoti anasoma darasa la chini tangu mwezi wa pili mwaka huu, walikaa mezani wakalimaliza, alidhani tunajua. Hatukujua. Hakuna aliyekuja kutuambia, kwa sababu siku hizi hawakuwa na haja ya kuja kwetu, na ndivyo alivyotaka, lakini jamani, mtu mmoja tu angepita getini akasema.

Kwa hiyo, wafanyakazi wenzake marehemu, familia inawashukuru kwa kuchelewa msibani.

Na wewe, Dada Mkubwa, habari hii hukuipata ukiwa hai, nakupa mimi sasa mbele ya watu wote, Jumanne walikaa, bila wewe, na mtoto alihudumiwa. Nenda ukapumzike, dada yetu, kwa amani.